Nzuri ya Bibi Ambwene

Kitu kisicho na kitufe cha kuzimia mimi sikiamini, na hilo nilishalisema ofisini hata kabla Mzee Mwasomola hajaanguka.

Jirani ya kwanza kabisa, kifaa chetu cha kusalimia wazee, ile iliyokuja nikiwa darasa la tano, ilikuwa na kitufe ubavuni, kinene, ukikibonyeza na dole gumba kinaitika. Unajua umezima. Toleo la pili wakakifanya alama tu, unapapasa, hujui imezima au imekununia. Hili la tatu hamna kabisa. Lina umbo la kikombe kilichofunikwa na kisosi, rangi ya chungu, laini kila upande. Makao makuu ya kampuni, Dodoma, wanasema huo ndio uzuri. Haya. Ila vidole vinatafuta kitu cha kushika havikioni, halafu wazee wanatuuliza sisi wa tawini, "Sasa hii naishikia wapi?"

Jirani inakaa ukutani, sebuleni, karibu kila nyumba ya mzee huku Rungwe. Maana vijana wote wako Dodoma, Dar, Mwanza. Tukuyu tumebaki wazee, ng'ombe, mvua, droni za ndizi zinazopita juu ya ukungu zikilia kama nyigu, na watu kama mimi, tuliomaliza kidato cha sita na hatujui tunangoja nini. Kila asubuhi Jirani inapiga hodi. Mzee anaitikia. Inamsalimia, anajibu, na kule mjini kwa mtoto wake inawaka taa: kijani, njano au nyekundu. Mtoto akiona kijani anavaa viatu anaenda kazini.

Sasa Mzee Mwasomola, asubuhi ile, alikuwa amepanda kwenye stuli arekebishe pazia. Stuli ikamtupa. Mkono ukavunjika, akabaki chini, hawezi kuinuka. Na Jirani ikaja kwa wakati wake kama kawaida.

"Hodi, Mzee. Habari za asubuhi?"

Mzee Mwasomola, kalala kifudifudi, shavu liko kwenye zulia, mkono uko chini ya tumbo, akajibu, "Nzuri, mwanangu."

Kijani.

Aliyemkuta ni Mama Subira, jirani yake wa kweli, wa nyama na mifupa, aliyekwenda kuchukua maziwa. Mimi na Kaka Gwamaka, bosi wangu wa tawi, tukaenda hospitali na machungwa kumpa pole. Kaka Gwamaka akamuuliza kwa upole tu, "Sasa Mzee wetu, kwa nini hukuiambia kwamba umeanguka?"

Mzee akatuangalia kana kwamba sisi ndio tuliovunjika.

"Nilisalimiwa," akasema. "Mtu anakusalimia, wewe unaanza na mkono? Nilijibu salamu. Nikangoja aniulize tena." Akageuza uso dirishani. "Akaniaga."

*

Kwenye gari Kaka Gwamaka hakuwasha hata redio. Yeye si mtu mbaya. Ana kitambi cha wasiwasi, yaani kila makao makuu wakipiga simu kinaongezeka.

"Saji," akasema, "hilo neno nzuri linatakiwa lipate dawa. Kabla mtoto wa yule mzee hajatuanika."

"Dawa ilikuwepo, Kaka. Tumeitoa wenyewe."

Na ni kweli. Toleo la pili lilikuwa linasalimia mpaka mwisho. Umeamkaje, usiku ulikuwaje, mwili unasemaje, ng'ombe hawajambo, na huko shambani. Mtu anajibu nzuri, nzuri, nzuri, ng'ombe wazima, shamba liko salama, ila huu mguu. Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe. Kila kinachotangulia ni njia ya kufika hapo. Kila mtu huku anajua, hata mtoto wa chekechea. Halafu makao makuu wakafanya utafiti wa wateja. Na wateja si wazee. Wateja ni watoto wao, maana ndio wanaolipia. Watoto wakasema Jirani ina maneno mengi. Wakakata. Swali moja, jibu moja, taa.

"Turudishe maswali basi," nikasema.

"Makao makuu hawarudi nyuma. Tengeneza somo. Isikie hiyo nzuri ni ya namna gani, ikijua mtu ana shida iwashe njano. Unaweza?"

Nikasema naweza. Mimi nikichoka kukaa nasema naweza kwa kila kitu.

Niseme kidogo somo ni nini. Kuna Sheria ya Sauti: sauti ya mtu haitoki nje ya nyumba yake. Jirani inaisikia pale pale, inaipima pale pale, kinachotoka ni rangi tu. Kwa hiyo huwezi kukusanya sauti za wilaya nzima ukazipeleka Dodoma. Unachoweza ni kuifundisha Jirani moja, na watu waliokubali kwa mdomo wao, mpaka ielewe. Halafu kile ilichokielewa, bila sauti ndani yake, unakituma kwa Jirani zote za wilaya. Hilo ndilo somo. Tawi letu lina ruhusa ya kutuma somo la lugha na desturi. Makao makuu walitupa ruhusa hiyo wakidhani tutafundisha majina ya ndizi.

Na mwalimu ninayemjua mimi ni mmoja.

*

Bibi Ambwene, mama yake mama yangu, ndiye aliyenilea. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umerudi na mdomo mrefu hivyo? Wake wenzangu wamekukataa?"

Nikamweleza ya Mzee Mwasomola. Akacheka kwanza, halafu akasikitika, halafu akacheka tena. "Mwasomola huyo. Angekuwa kaburini angeitika."

Jirani yetu iko kwenye ukuta wa sebule unaotazama jikoni, na imefunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ya pinki pembeni. Nyumba zote huku zimeifunika. Redio inafunikwa, runinga inafunikwa, kwa nini hii ikae uchi. Makao makuu walishatuma tangazo kwamba msifunike, kifaa hakisikii vizuri. Wazee wakalisoma, wakafuma vitambaa vizito zaidi.

"Bibi, nataka unifundishie Jirani kusikia nzuri."

"Haisikii?"

"Inasikia neno. Haisikii nzuri yenyewe."

Akaelewa mara moja. Akajifuta mikono, akatoa kitambaa, akasimama mbele yake kama anataka kuipima nguo.

"Nzuri," akasema, kavu, mwisho umekatwa kama uzi. "Hiyo ni ya mtu kagombana na mkwewe jana. Ameiweka?"

"Ameiweka."

"Nzuuri tu. Hiyo ni ya njaa. Ya njaa ndiyo yenye adabu kuliko zote, uifundishe vizuri." Akavuta pumzi. "Nzuri, nzuri, mbili za haraka. Huyo anaficha mgonjwa chumbani, hataki uingie. Na ya mtoto aliyepata kazi mbali, mzee anafurahi na anaumia pamoja, hiyo inakuwa..." Akaitafuta. Alipoitoa, mimi nilisimama na ndizi mkononi. Ilikuwa neno lile lile. Lakini ningeapa kuna mtu anafunga mizigo ndani yake.

Siku zilizofuata akaleta wenzake wa kwaya, kina mama wa alto, kila mmoja akakubali kwa mdomo wake, wakakaa sebuleni wakaisalimia Jirani na kuitikia mpaka chai ikaisha. Walicheka mno. Mmoja akatoa nzuri ya mtu anayekudai na mwingine ya mtu unayemdai, wakaanza kubishana ipi ni ipi, na Jirani ndiyo iliyowaamua. Ikapata sawa. Wakaipigia vigelegele.

"Tutaonana mazoezini, Mama Ambwene?" mmoja akauliza wakati wa kuondoka.

"Mvua hii," Bibi akasema.

Hilo lilinipita. Baadaye ndipo nikaliwaza. Tukuyu kwaya ikiahirishwa kwa mvua, basi kwaya haipo.

Nikaiweka kwenye hali ya majaribio, rangi zinakuja kwenye simu yangu ya kazi peke yake, hazifiki kwa mtu mwingine.

"Ijaribu na yako," Bibi akasema. "Hiyo mnayosema nyie."

"Sisi tuna poa."

"Sema poa."

"Hodi, Nsajigwa," Jirani ikasema. "Mambo vipi?"

"Poa."

Simu ikawaka njano. Bibi alicheka akashika meza. "Hata mimi nilijua. Kukaa hapa kunakuwasha. Nenda, mume wangu, nani kakufunga?"

Nikasema nitaenda tu, nangoja majibu ya chuo. Sikusema kingine. Siwezi kumwacha na ng'ombe na hii mvua, lakini hilo huwezi kumwambia mtu mzima mbele ya kifaa kinachokusikia.

*

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafunga kamba za viatu.

"Hodi, Mama. Umeamkaje?" Jirani ikamuuliza Bibi.

"Nzuri, mwanangu. Ndaga, asante."

Simu ikatetemeka mfukoni. Nikadhani ni Kaka Gwamaka. Nikaitoa.

Nyekundu.

Chini ya rangi somo huwa linaandika kwa ufupi limesikia nini, ili fundi ajue kama limekosea. Liliandika: pumzi inakatika katikati ya neno. Anasubiri kabla ya kuongea. Kifua.

Nikanyanyua macho. Bibi alikuwa amenipa mgongo, mikono yote miwili iko juu ya meza, kichwa kimeinama. Mtu akipita angesema anachambua mchele. Hapakuwa na mchele. Alikuwa anangoja pumzi irudi. Iliporudi akashika sufuria akaendelea na mambo yake.

Nikajiambia somo limekosea. Asubuhi iliyofuata ikawa nyekundu. Na iliyofuata. Na kila asubuhi neno lenyewe lilikuwa zuri, limenyooka, lina tabasamu. Kama si mashine nisingejua. Nimekaa naye nyumba moja.

Na nitasema na hili. Kabla sijaogopa, kuna kitu kilipita kichwani haraka. Mama akiona nyekundu atakuja kumchukua. Bibi akiwa Mwanza, mimi niko huru, naenda ninakotaka. Kilipita tu. Lakini kilipita kikiwa kimevaa viatu.

*

Nilimfuata barazani, anapukuchua maharage. Nikakaa, nikachukua maganda machache nami.

"Bibi. Unaumwa kifua."

Hakuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Jirani."

"Mimi nimeiambia nzuri."

"Ndiyo. Imeisikia."

Mikono yake ikasimama. Mvua ilikuwa inapiga bati, ile ya polepole isiyo na haraka ya kwenda popote.

"Lugano kaona?"

Lugano ni mama yangu. "Bado. Iko kwangu tu. Nikilituma somo wilaya nzima, taa yake Mwanza itawaka nyekundu asubuhi hiyo hiyo."

"Na ataweka vitu chini atapanda treni."

"Ndiyo."

"Atauza ng'ombe. Atafunga nyumba. Atanipeleka kwenye lile ghorofa." Alishakwenda mara moja, akarudi kabla nguo hazijakauka. "Mume wangu, kule hata jiko linanishauri. Nilifungua friji ikaniambia nimeshakula. Nikawasha taa ikaniuliza kama nina hakika. Mtu akiishi hivyo anakuwa mgeni ndani ya mwili wake."

"Lakini ni kifua, Bibi. Kifua si cha kuficha."

"Nimeficha nini? Sikiliza." Akageuka, akanitazama vizuri. "Nikisema nzuri sijamdanganya mtu. Nimeacha mlango wazi kidogo. Anayetaka kuingia anauliza mara ya pili. Asiyetaka anapita, hatukosani, kesho tunasalimiana tena. Sasa wewe unataka kung'oa mlango."

"Na kama hakuna anayeuliza mara ya pili?"

"Wewe umeuliza?"

Mimi asubuhi nasema shikamoo nikiwa mguu mmoja uko nje.

"Basi nauliza sasa," nikasema. "Kifua kikoje?"

"Wewe umeshaambiwa. Hapo huulizi, unahakikisha." Akarudi kwenye maharage. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniuma.

Nilikuwa na njia ya mkato. Fundi wa tawi anaweza kuitenga nyumba moja isipokee somo. Ningelituma wilaya nzima nikaacha ya kwetu. Wazee wote wasikike, isipokuwa Bibi yangu, aendelee kuwa kijani siku zote, kijani mpaka siku tutakayomkuta chini. Nilifikiria hivyo kweli. Kidole kilikuwa tayari.

"Na Mzee Mwasomola?" nikamuuliza. "Tungemwacha kwenye zulia na mlango wake ukiwa wazi kidogo?"

Akafikiri. Bibi huwa anakutendea haki hata mkibishana.

"Mwasomola alitaka mtu aende kuomba chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, kiberiti, chochote. Zamani ukisikia nzuri ya mtu imekaa vibaya, huendi kumwambia unaumwa. Unakwenda na kikombe kuomba chumvi. Unaingia, unaona mwenyewe. Akitaka kusema atasema. Asipotaka, umechukua chumvi yako. Unafikiri Mama Subira hana ng'ombe kwake?"

Nikamtazama. Mama Subira anao wawili. Na bado kila siku anakwenda kuchukua maziwa kwa Mwasomola. Kumbe ndiyo chumvi yake.

*

"Hatua ya kwanza," Kaka Gwamaka akasoma kwenye meza yake, "ikisikia nzuri yenye kitu, isiage, iulize tena. Sawa. Hatua ya pili, mtu akibaki kwenye nzuri, taa ya mtoto isiwake rangi yoyote. Imwambie: mzazi wako amesema nzuri, mpigie, msalimie mpaka mwisho. Hatua ya tatu, sauti ikitokea sakafuni, au mtu asipoitikia, Jirani ya karibu imwambie mwenye nyumba aende..." Akavua miwani. "Aende kuomba chumvi."

"Ndiyo, Kaka."

"Saji. Nilikuagiza njano."

"Njano inamsemea mtu."

"Ndiyo kazi yake. Dogo, watu wananunua kijani. Mtu yuko Dar, ana foleni, ana mtoto analia, anaona kijani, moyo unatulia. Wewe unamwambia apige simu asalimie mpaka ng'ombe. Kama angekuwa na muda huo angenunua Jirani?"

Na hapo alikuwa na hoja. Mama yangu hajapiga simu ya maana tangu tuweke toleo hili. Sio kwamba hatupendi. Anaona kijani.

"Hilo somo la rangi unalo?" akauliza.

"Ninalo. Linafanya kazi vizuri mno."

"Basi tuma hilo. Watu wanalala chini na mikono imevunjika, sisi tunaongelea chumvi."

Jirani ya majaribio ilikuwa kwenye meza, kati yetu. Nikaisogeza upande wake, nikaamsha somo la rangi, na simu yangu nikaiweka mezani uso juu, aione.

"Hodi, Kaka Gwamaka," ikasema. "Habari ya kazi?"

"Nzuri," akajibu. Hakufikiria hata. Nani anafikiria.

Simu ikawaka nyekundu. Maandishi yakaanza kuja chini yake: halali vizuri. Anaongea kama mtu anayengoja...

Nikaifunika simu na kiganja kabla sijamaliza kusoma. Lakini yeye alishaona, na aliona kwamba nimeona. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa mlango wa bafu.

"Zima hiyo," akasema taratibu.

"Haina kitufe, Kaka."

Akaitazama. Akaigeuza huku na huku akiitafuta sehemu ya kushika, kama wazee wote wanavyofanya. Mwisho akavua kofia yake ya sufu akaifunika.

Tukakaa. Mimi nikaona kuondoka ni kumkimbia, nikabaki. Nje mtu alikuwa anaita kuku.

"Kaka," nikasema baadaye. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na watoto?"

"Wazima." Akasugua macho. "Wazima wote, Saji. Ila shemeji yako..." Akaanza kuniambia. Ya kwake siyaandiki hapa.

Alipomaliza alichukua karatasi ya zile hatua, akaisoma tena, polepole, akaweka sahihi.

"Iite majaribio," akasema. "Majaribio ya desturi. Dodoma wakija juu nitasema ni majina ya ndizi."

*

Nilimwambia Bibi kabla sijatuma. Ya kwetu sikuitenga, ila ilikuwa na somo la chumvi, si la rangi.

"Kwa hiyo Lugano haambiwi kitu."

"Anaambiwa akupigie."

"Akinipigia akasema mko salama, nikasema salama, akakata?"

"Basi amekata. Na mimi sitasema." Hilo la mwisho halikuwa rahisi, lakini nilishaamua. "Ila nitakuwa nauliza mara ya pili kila siku mpaka unichoke."

"Nimeshakuchoka," akasema, na akaniongezea ndizi kwenye sahani.

Jumapili mchana tulikuwa tumetoka kula. Mama akanipigia mimi kwanza.

"Saji, hiki kitaa chenu kimeharibika? Hakiwaki. Kinaniambia nimpigie mama nimsalimie mpaka mwisho. Mwisho wa nini?"

"Hakijaharibika, Ma. Mpigie tu."

"Ana nini?"

Mdomo wangu ulifunguka. Bibi alikuwa pale pale, anafuta meza, anasikia kila kitu, na hakunitazama.

"Amesema nzuri," nikasema.

Simu ya Bibi ikaita. Akaiweka kwa sauti kubwa, maana hapendi kuishikilia sikioni.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mko salama?"

"Salama tu. Huko?"

"Salama, Mama. Haya basi, nilitaka tu kujua..." Nyuma yake kulikuwa na mlio wa jiko linaloongea, nadhani lilikuwa linamshauri. Nikamsikia Mama analiambia, nyamaza kidogo. Bibi aliacha kufuta meza. Kitambaa kilikuwa mkononi, maji yanadondoka sakafuni, na mimi nilikuwa nahesabu madirisha ya nyumba kana kwamba sijawahi kuyaona.

"Usiku umelalaje, Mama?" Lugano akauliza.

"Vizuri tu."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hajambo. Kazaa dume."

"Kazaa? Saji hakuniambia."

"Saji huyu anajua nini cha ng'ombe. Anajua mashine."

Mama akacheka. Sauti yake ikashuka, ikawa ile aliyokuwa nayo zamani kabla hajahama, ya Tukuyu kabisa. "Kwaya inaendeleaje? Mnaimba nini siku hizi?"

Bibi aliiacha simu mezani. Alikwenda sebuleni, akachukua kile kitambaa cheupe chenye maua ya pinki, akakiweka juu ya Jirani, akakinyoosha pembe zote vizuri. Kitufe chao walikitoa. Yeye alifuma chake. Akarudi akavuta kiti, akakaa.

"Kwaya nzuri, mwanangu," akasema. "Wote wazima. Ila..."

Nikachukua kikombe kwenye kabati nikatoka. Mlango nikaufunga taratibu, mvua ikanipokea.

Mzee Mwasomola alikuwa kwake barazani, mkono umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, na watoto wa Mama Subira walishaichora ng'ombe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kikombe cha nini hicho?"

"Bibi ameishiwa chumvi."

Kopo zima la chumvi lilikuwa kwenye rafu yetu, na yeye alijua, maana alituuzia mwenyewe dukani kwake. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Habari za nyumbani?" akauliza.

"Nzuri, Mzee."

Akasogea kwenye benchi, akanipisha upande wa mkono wake mzima.

"Kaa kwanza," akasema.